Friji ya Dawa na Kifua cha Tarumbeta

Mgeni rasmi, Meneja wa shamba, wageni wote mlioketi humu ukumbini, na ninyi wenzetu mnaochungulia madirishani,

Sisi wakata miwa wa shamba hili tunakukaribisha kwenye ufunguzi wa msimu wa mavuno. Karibu sana. Tunaona umekwisha kupewa soda baridi, na hilo ni jema, maana jua ni kali. Ofisi ilitutaka tusirefushe maneno, na changamoto zisizidi mbili. Hatutazidisha. Tunayo moja.

HISTORIA

Zamani shamba lilikuwa likichomwa moto kabla ya kukatwa. Moto uliondoa majani makavu na kuwafukuza nyoka. Uchomaji ulipopigwa marufuku kwa sababu ya moshi hatukubisha, kwani waliokuwa wakikohoa ni watoto wetu. Lakini nyoka hawakupewa barua ya kuhama. Sasa tunatia miguu kwenye majani tusiyojua yamefunika nini. Tuliahidiwa mabuti marefu, dawa ya sumu ya nyoka, na friji ya kuitunzia dawa hiyo kwenye zahanati ya shamba.

MAFANIKIO

Friji ililetwa. Tuliipigia makofi, tukapigwa picha nayo.

Msimu uliopita tulikata miwa mingi kuliko msimu wowote, na sifa nyingi ni za mwenzetu tuliyemwita Tarumbeta. Sisi hukata kwa wimbo: mmoja anaanzisha, mstari mzima unaitikia, mapanga yanashuka pamoja. Yeye ndiye aliyetuanzishia, na sauti yake ilifika mpaka kwenye mizani. Mkewe, ambaye naye ni mkata miwa, alizoea kusema, "Huyu hata akininong'oneza siri, jirani anaitikia."

CHANGAMOTO

Mwishoni mwa msimu huo, nyoka aina ya kifutu alimgonga Tarumbeta juu kidogo ya kifundo cha mguu. Tulimbeba mpaka zahanati. Muuguzi alifungua kabati, akalifunga. Dawa haikuwepo, na haikuwa imeagizwa, kwa sababu hapakuwa na pa kuitunzia. Friji ilikuwa imeondolewa zahanati na kuletwa humu ukumbini ili itumike kwa wageni. Muuguzi alisafisha kidonda, akamsihi msimamizi atoe gari la kwenda hospitali kubwa.

"Gari liko kwenye mizigo," msimamizi akasema. "Na mguu wenyewe mbona haujavimba hivyo?"

Asubuhi yake msimamizi alimfuata kambini. Kwenye mstari wetu kuna kanuni ya miaka mingi: anayeimba ni mzima. Akamwambia, "Hebu tuanzishie." Tarumbeta hakutaka kuwa mzigo kwa mtu, akaanzisha. Pumzi ikamkatikia katikati ya ubeti, nasi tukaudaka wimbo tukaumalizia, kama tunavyofanya mwenzetu akipaliwa na vumbi. Msimamizi akaondoka ameridhika. Ndipo Tarumbeta akamshika mkewe mkono na kumwambia kwa sauti ambayo mama yule hakuwahi kuisikia kwake, "Mama watoto, hewa inaingia lakini haifiki."

Gari lilipatikana jioni. Hakumaliza hata siku moja wodini.

Daktari wa huko alikaa nasi kwenye benchi akatueleza bila kiburi. Alisema sumu haikubaki mguuni. Iliharibu nyama na mishipa, mwili ukapiga yowe, askari wa ndani ya damu wakakimbilia huko kutoka kila upande. Askari hao walipozidi wakawa wanaunguza nyumba waliyokuja kuiokoa.

"Ninyi mkitazama mguu," alisema, "mishipa midogo ya mapafu ilikuwa inavuja. Vile vifuko vya hewa vilikuwa vinajaa maji."

"Angepata dawa mapema?" mkewe akauliza.

Daktari aliinamisha kichwa. "Angekuwa na nafasi, mama. Nafasi nzuri."

Mgeni rasmi, tuna hasira, na hatutaifunika kwa maneno matamu. Taarifa ya ofisi inasema Tarumbeta amekufa kwa nimonia. Nyoka hatajwi, friji haitajwi. Mkewe alipoletewa taarifa hiyo alisema, "Nimonia haina meno. Mume wangu aligongwa mguuni, akafia kifuani." Sisi hatuna la kuongeza hapo.

MAOMBI

Kesho tumepangiwa kuingia kitalu cha bondeni, ambako majani yanafika magotini. Tunahitaji mabuti, oksijeni kwenye zahanati, na gari la wagonjwa lisilopakia miwa. Tunajua tutajibiwa kwamba mambo hayo yanafanyiwa kazi, kwa hiyo ombi la leo tumelifanya dogo. Hospitali kubwa iko tayari kutupa dawa ya sumu leo hii, mradi tuonyeshe pa kuitunzia. Friji iko nyuma ya kiti chako, Mgeni rasmi. Soda uliyoishika imetoka humo. Wenzetu wamesimama mlangoni na kamba za kubebea. Tunaomba usogeze kiti wapite. Bila hivyo, kesho bondeni hatuingii.

Mungu akujalie safari njema, na pumzi ndefu ya kufika nayo nyumbani. Risala zetu huwa tunazifunga kwa wimbo. Leo utatuwia radhi.

Ni sisi, wakata miwa wa shamba hili.

Imesomwa kwa niaba yao na mke wa Tarumbeta.