Neno la Fundi Saa

Asubuhi hiyo Fundi Saa alifika kijiweni na neno zito. Mjukuu wake alikuwa anaonewa shuleni, na saa nne babu alitakiwa kwa mwalimu mkuu. Alitaka mwenye mdomo mwepesi amsindikize, maana ulimi wake mwenyewe ulikuwa na kigugumizi: neno likikwama, limekwama. Akajibana kwenye benchi kati ya Kinyozi na karani mstaafu waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Birika la kahawa lilikuwa miguuni pao.

— Mju-mjukuu wangu anaonewa shuleni. Na-naomba...

— Naomba kahawa! Kinyozi akammalizia, akimmiminia. Shika, mzee, kabla jua halijazama.

Wakacheka. Fundi Saa naye akacheka, ndivyo alivyozoea.

— Uonevu ni njaa tu, Redio akadaka. Mtoto hakunywa chai, anamtafuna mwenzake.

— Wapi! Mimi nimenyoa vichwa miaka ishirini. Mwonevu ana kisogo bapa. Hakikai vizuri kwenye mto, anaamka na hasira.

— Kwa hiyo serikali igawe mito?

— Cheka tu. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo maana wanaanza na wadogo!

— Ha-hapana, jamani, mimi nili...

— Nilimeza saa! akamalizia Redio.

— Tena ya ukutani! akaongeza Kinyozi.

— Sikilizeni, siri ni viatu, Redio akaendelea. Kiatu kikibana, roho inabana. Shule nzima ivue viatu, uonevu kwisha!

Fundi Saa akatazama mkono wake. Saa nne kasoro robo. Roho ilimuuma, na kahawa ilikuwa imekwisha.

Mama mmoja alikuwa amesimama hapo muda wote, saa mbovu ya mezani mkononi, akisubiri fundi.

— Samahanini, akasema. Huyu baba alikuwa anataka kusema nini?

Kinyozi akamtazama Redio. Redio akachungulia kikombe kitupu. Hakuna aliyejua.

Fundi Saa akaitumia nafasi hiyo.

— Mju-mjukuu wangu ana ulimi kama wangu. Wenzake wa-wanam...

Redio akafungua mdomo, akaufunga.

— ...wanammalizia maneno. Halafu wanacheka. Nili-nilitaka mmoja wenu aje amweleze mwalimu ubaya wa jambo hilo.