Aliyekubali Kuwa Mshauri Mwongo

Ndugu waombolezaji, familia imeniagiza niwasomee maisha ya Gelasius Anyitike Mwaisumo kama yalivyokuwa.

Gelasius alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Ngana, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1969 hadi 1975, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979, na Januari 1981 akaajiriwa kuwa karani wa mizani katika ushirika wa wakulima hapa Mwaya, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2021.

Kila Jumatatu ya Pasaka kikundi cha parokia kilicheza tamthilia ya kale ya mfalme anayemuua mwanawe wa pekee kwa kumwamini mshauri mwongo, na kwa kuwa wengine wote waliikataa nafasi ya mshauri huyo, aliichukua Gelasius, akaiweza mno, hata mwaka 1984 mama mmoja kutoka Matema alipanda jukwaani akamchapa ndala, na kesho yake wakulima wakadai magunia yao yapimwe mara mbili.

Mwaka 1985 alimposa Evodia, lakini baba yake Evodia, mzee Asajile, ambaye leo yuko nasi akiwa na miaka tisini na mbili, alikataa, akisema mtu anayedanganya vizuri hivyo mbele ya padri, nyumbani itakuwaje. Gelasius hakubishana, akaiacha nafasi aliyoipenda. Pasaka iliyofuata nafasi hiyo ilichezwa na Vitus, mtu mpole, aliyekuwa akitazama chini kila alipodanganya, na mtoto wa mfalme alipouawa ukumbi mzima ukacheka. Siku ya tatu mzee Asajile alimwita Gelasius, akamwambia, “Mkwe, rudi kwenye ubaya wako. Nilikwenda kulia, wakanichekesha.”

Walifunga ndoa tarehe 22 Novemba 1986, wakajaliwa Teddy mwaka 1988, Jackson 1991 na Tumaini 1995.

Kisukari kilimwanza mwaka 2019, kikafika kwenye figo. Wageni wote aliwaambia haumwi, nao wakaondoka wamefarijika, isipokuwa mzee Asajile, aliyevuta kigoda karibu na kitanda, akasema, “Leo umeigiza vibaya, mwanangu,” akabaki naye kila siku hadi tarehe 3 Agosti 2024, saa nane mchana, Gelasius alipofariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuchota maji, wafanyakazi wenzake wa mizani na wanakikundi wa parokia. Ndaga fijo, asanteni sana.

Mwana wa Anyitike, pumzika kwa amani, hapa hakuna anayekutilia shaka.