Hedwiga Mkude na Kisima cha Chumvi

Ndugu waombolezaji, majirani wa hapa Malvern, na ninyi mliosafiri siku nzima kutoka Droëpan, marehemu Hedwiga Mkude alizaliwa Kilosa, mkoani Morogoro, tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa fundi baiskeli, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1982 hadi 1988, kisha akajifunza ufundi mitambo Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1995, mwanamke pekee darasani.

Tarehe 7 Juni 1997 alifunga ndoa na Thabo Lesejane, mtoto wa wapigania uhuru aliyekulia uhamishoni Morogoro, mwaka uliofuata wakahamia Johannesburg, wakajaliwa Beatha na Jeremia, ambao Kiswahili wanakisikia na kukijibu kwa Kizulu.

Mwaka 2003 alifungua karakana ya pampu hapa mtaani, Jules Street, na mwaka 2018 akajiunga na wahandisi wa kujitolea kutoka Sandton, upande wa matajiri wa jiji hili, waliokwenda kushirikiana na jamii ya Wasan wa Droëpan, pembezoni mwa Kalahari, kutafuta maji. Mama Katriena, mzee wa kijiji, aliwaonyesha palipo na maji matamu, nyuma ya kilima cha mchanga, akawaonya kwamba kando ya barabara chini ni chumvi tupu. Mwenyekiti wa wahandisi hao, mhandisi André, akachimba kando ya barabara, ili magari ya wafadhili yafike na picha zipigwe. Hedwiga aliandika katika daftari la kazi kwamba pampu isifunguliwe, mwenyekiti akauchana ukurasa, akaifungua, mbuzi wakafa, watoto wakaugua, na ripoti yao ya Agosti 2019 ikasema kosa ni la fundi Hedwiga, akafukuzwa, na wateja wakamkimbia.

Ila mhandisi hakujua kwamba daftari hilo la karakana huandikwa juu ya karatasi ya kaboni. Nakala ilibaki, Hedwiga aliipeleka Sandton mara tatu, na mara tatu hakujibiwa. Mwenye kovu usidhani kapoa, na familia haitawadanganya leo kwamba alisamehe. Mwaka 2021 alirudi Droëpan kwa bakkie, ile pikapu ya karakana, akachimba pale alipoonyesha Mama Katriena, akawafundisha wanawake wa kijiji kuitengeneza pampu wenyewe, na maji yanatoka hadi leo.

Januari mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akafariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, akiwa ameacha agizo moja. Desturi ya hapa mnaijua, tukitoka makaburini tunanawa mikono langoni. Mabeseni makubwa yana maji matamu ya Droëpan. Beseni dogo jeupe, ambalo juu yake tumebandika ile nakala, lina maji ya kisima cha barabarani, nalo ni la mhandisi André peke yake, aliyeketi safu ya pili, aliyeomba nafasi ya kutoa rambirambi, na ambaye hatapewa. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika wiki nzima, na mafundi wa Jules Street mliofunga karakana zenu leo. Wahandisi wa Sandton hawamo katika shukrani hizi.

Hedwiga, dada yetu, jina lako limerudi nyumbani na beseni liko langoni kama ulivyoagiza, sasa pumzika kwa amani.