Bi. Peris Nkatha na Mipea ya Safu ya Tisa

Ijumaa, tarehe 26 Septemba 2025, Bi. Peris Nkatha anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika shamba letu la utafiti wa matunda, magharibi mwa Minneapolis.

Alikuja Minnesota kama wengi wetu, akahudumia wazee katika makao yao mjini Champlin. Mwaka 1998 aliona tangazo la kibarua cha kupogoa miti, akaomba. Alimwambia aliyemhoji kuwa amekulia kwenye mashamba ya chai huko Meru na haogopi ngazi. Minneapolis ilimfunza kuogopa barafu tu.

Kazi yake ilikuwa mipea ya kila aina: ya Ulaya yenye matunda laini na matamu, ya Asia yenye matunda ya mviringo, na ya mwitu kutoka milima ya baridi, yenye matunda madogo kama gololi na makali kupindukia. Alipima majani, vikonyo na utamu, akahesabu hata zile chembe ngumu za ndani ya tunda zinazokwaruza meno. Wanasayansi walisoma vinasaba kwenye maabara. Nkatha aliutambua mti kwa gome lake.

Mwaka 2018 mkuu wetu, Dkt. Martin, alipanga kung'oa safu ya tisa, ya mipea ya mwitu, apate nafasi ya miti mingine. "Hata kulungu hawayali mapea haya," alisema mkutanini.

"Kulungu hawazalishi aina mpya za miti, Daktari," Nkatha akajibu. "Tuiachie majira moja tu ya baridi."

Tulicheka. Martin naye alicheka, akakubali.

Januari iliyofuata baridi ilishuka hadi nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri. Mwezi wa Mei tulikuta mipea ya Ulaya mia moja na arobaini imekauka. Nkatha aliipitia mmoja mmoja, akikwangua gome kwa ukucha akitafuta ukijani, na mara mbili nilimwona akijifuta macho. Safu ya tisa ilichanua yote.

Mipea ya mwitu huwahi kuchanua, kwa hiyo alikusanya chavua yake, ule unga wa maua, akaihifadhi kwenye kopo ndani ya friji ya wafanyakazi, kando ya chapati zake, na onyo kali juu ya kopo. Mipea michache ya Ulaya iliyobaki ilipochanua, alipanda ngazi na brashi ndogo, akaigusisha chavua ua moja baada ya jingine kwa siku nne. Kutokana na mbegu zake tulipata miche mia tatu na sita. Mingi ilizaa matunda makali kama ya baba yake wa mwitu, au haikuzaa kabisa.

Agosti mwaka huu mche mmoja ulitoa mapea kumi na moja. Martin alikata la kwanza, akampa Nkatha kipande kabla ya mtu mwingine yeyote. Alitafuna polepole, sote tumemkodolea macho.

"Chembe bado zipo," alisema. "Lakini huyu anaimudu baridi ya hapa, na ni mtamu."

Majaribio yatachukua miaka mingi. Safu ya tisa haitang'olewa. Martin ameliandika hilo na kulitia sahihi.

Bi. Nkatha, umetufundisha kutotupa kitu kabla ya kukijua. Asante kwa mikono yako na subira yako. Nenda ukapumzike Meru kwa dada zako, upate afya, vicheko na asubuhi zisizo na theluji. Msimu wa mapea ukifika, lango liko wazi.

Harrison, kwa niaba ya wenzako wote