Dada Yetu, Mwalimu wa Hesabu, na Sauti Yake

Wapendwa mliokuja kutushika mkono, nimepewa kazi hii ya kumwelezea marehemu kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1978, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1993, na tangu Januari 1994 alifundisha hesabu katika shule ileile, chumba kilekile chenye dirisha lisilofungika, ambako wanafunzi walimwita Mama Robo, kwa jinsi alivyokatakata machungwa akifundisha sehemu. Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili, hawa walioketi hapa mbele.

Mwezi Februari 2023 sauti ilianza kukwaruza, tukasema ni vumbi la chaki, lakini tarehe 3 Mei daktari alikuta uvimbe kooni, akaeleza kwamba upasuaji ungemwondolea sauti kabisa. Wakati huo alikuwa amealikwa kwenye kongamano la walimu kuhusu matumizi ya teknolojia darasani, aeleze jinsi alivyorekodi masomo kwa simu na kuwatumia wanafunzi wanaougua nyumbani, naye akaomba upasuaji usogezwe mbele wiki tatu. Nilimwambia mbele ya wanawe, "Sauti ni yako, dada, lakini wewe ni wetu," akanijibu, "Mdogo wangu, niache niimalizie kazini," nikaondoka bila kuaga, na wiki zote hizo sikumpigia simu.

Tarehe 9 Juni, shemeji anasimulia, projekta ilizimika dada akiwa ndiyo kwanza ameanza, watu wakainuka kwenda kunywa chai, yeye akachukua kalamu ya ubao, akafundisha dakika arobaini kwa kunong'ona, nao wakarudi kuketi, ukumbi mzima kimya ili umsikie. Alipasuliwa tarehe 14 Juni, madaktari wakatuhakikishia kwamba wiki tatu hazikubadili kitu, uvimbe ulikuwa umekwisha kusambaa, na nilipofika wodini kuomba radhi hakuweza kunijibu, alinivuta sikio taratibu, machozi yakimtoka. Alituacha tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi.

Wanafunzi wake wanayo masomo mia moja na kumi na mawili kwenye simu zao, sisi ndugu zake, tuliodhani yupo siku zote, hatukurekodi hata salamu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumpikia uji, na walimu wenzake walioshika vipindi vyake bila kuombwa.

Pumzika, dada, kwa amani, nasi tutajifunza polepole kuishi na kimya chako.