Kalenda ya Mwezi wa Sita

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji, waheshimiwa wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wafanyakazi wenzangu mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeishia kwa wakubwa: hamjambo?

Nimeambiwa niage kwa maneno matamu. Mtanisamehe. Miaka thelathini na mmoja nimepima maji ya mji huu kila asubuhi na kubandika majibu ubaoni pale langoni, na leo napewa saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndiyo nitaanza kuwahi kazini.

Mwaka jana tulipelekwa semina ya siku tatu ya kutambua habari za uongo. Tulifundishwa vizuri: uliza nani kasema, lini, kwa ushahidi gani. Tukapewa vyeti, na wengine mkavitia kwenye fremu. Wiki mbili baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu: picha ya msaidizi wangu ameshika kichupa cha maji ya rangi ya pinki, na maandishi, "Mfanyakazi wa maabara afichua: maji yana sumu. Sambaza."

Jamani! Nani alisambaza wa kwanza? Mlinzi? Ni nyinyi wenye fremu! Tena mkaongeza wenyewe, "Imehakikiwa." Nani kasema? Maabara. Ushahidi? Picha hii hapa. Basi, mkajipa maksi zote. Hakuna hata mmoja wenu aliyepanda ngazi kumi na nne za maabara kuja kuniuliza.

Na hiyo picha ilitoka wapi? Kwenye kalenda yetu wenyewe, mwezi wa sita! Mliitazama siku thelathini mkinywa chai. Chini yake imeandikwa kwamba maji yakitiwa dawa ya kupimia yakageuka pinki, klorini ipo, maji ni salama. Lakini mwenye cheti asome kalenda ya nini?

Mji ukamwaga matangi. Wodi ya wazazi ikakaa siku mbili bila maji ya kuogeshea watoto wachanga. Na msaidizi wangu, ambaye hakuandika hata neno moja, akasimamishwa "kupisha uchunguzi". Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu asimamishwe. Uchunguzi gani huo unaoshindwa kufunua kalenda? Inaniuma sana, wenzangu.

Mtu mmoja tu alipanda ngazi siku ile: mama wa usafi, ambaye semina mlisema haimhusu. Aliingia na ndoo yake.

"Dada, haya maji yana nini?"

"Hayana kitu, mama."

"Nionyeshe."

Nikapima mbele yake, akatazama, akasema, "Sasa hao wenzako mbona hawaji kuuliza?" Akashuka kuendelea na kazi. Mama, simama wakuone. Mpigieni makofi, ila cheti msimpe, asije akaharibika.

Mheshimiwa Mkurugenzi, saa yako siichukui. Nilichokuja kufuata ni barua ya kumrudisha kazini yule binti, msaidizi wangu. Nimeichapa mwenyewe, iko chini ya sahani yako. Usiniamini hivihivi, ushahidi ni ile kalenda nyuma ya kichwa chako, niliyoitundika leo asubuhi. Binti mwenyewe yuko nje langoni, maana mlinzi bado ana amri ya kumzuia.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza, japo mmechelewa miezi kumi na moja. Mheshimiwa, kalamu hii hapa. Kipaza sauti sikiachii mpaka uitie sahihi.