Nyumba ya Vitanda vya Waya

Siku ile kijiweni Katesh, mbele ya duka la Hasani, walikuwepo Mwanaamina muuza kahawa, mke wa Hasani, na mwanawe Shumbana mgongoni. Seifu fundi cherehani, ambaye watu walimwita Gazeti. Nikolausi, aliyeitwa Kepteni kwa sababu alikwenda na jeshi la Waingereza vita ya Bama, ingawa huko alikuwa mpishi. Mzee Gidahosh, mfugaji wa Getanuwas, aliyekuja kuuza ngozi. Tomaso mlinzi, mwenye ufunguo shingoni. Na mgeni mmoja, Scolastica, aliyekaa mwisho wa benchi, mtoto wake wa kike amelala mapajani. Ilikuwa alasiri, mwezi wa nne, mwaka 1949. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, na mlima Hanang ulikuwa umejifunika mawingu mpaka miguuni.

Habari ya Scolastica aliijua Mwanaamina peke yake. Juzi paa lake la udongo kule Endasak lililowa, likashuka lote, likafukia hata chungu. Mumewe alikuwa Tanga kwenye mkonge, ndugu zake wako Nambis, na mto ulikuwa umejaa, haupitiki. Amekuja mjini kutafuta pa kulala, ila alimwomba Mwanaamina asiwaambie wanaume kwanza, maana aliona haya kuitwa mtu asiye na kwake. Mwanaamina angemchukua yeye mwenyewe, lakini chumba chake kilikuwa kimoja, na wageni wa Hasani kutoka Singida walikuwa wamelala mpaka mlangoni. Basi akamjazia kikombe cha pili bila kuombwa, akawa anamtazama mtoto yule na mawingu yale.

Tomaso ndiye aliyeanzisha.

— Jamani, kesho tarishi anakuja kutoka Mbulu. Nyumba yangu ikiwa haina mtu, inafungwa. Itakuwa stoo ya ngozi.

Nyumba aliyoisema ilikuwa ng'ambo ya barabara: vyumba viwili vya mawe, vitanda vinne, mablanketi manane. Serikali iliijenga iwe ya watu wasio na makao. Ilikuwa na miezi mitatu, na kitabu chake cha majina kilikuwa cheupe kama siku kilipoletwa.

— Tafuta mtu asiye na makao, umwingize, akasema Seifu. Kazi gani hiyo?

— Nimpate wapi? Kila nyumba inayoanguka, wenyewe wanachukuliwa na ndugu kabla sijafika.

— Kepteni huyo hapo. Kila Ijumaa mkewe anamlaza jikoni.

— Jikoni ni kwangu! akasema Nikolausi.

— Umefukuzwa.

— Sikufukuzwa. Nimehamishwa. Hata jeshini mtu anahamishwa.

Seifu akamgeukia mzee Gidahosh.

— Shikamoo tena, mzee. Wewe je? Mwaka huu peke yake umehama mara tatu.

— Marahaba. Nyumba yangu inatembea, akasema Gidahosh polepole. Ya kwako imelala. Sasa nani mgonjwa?

Wakacheka mpaka Shumbana akaamka. Scolastica naye alitabasamu, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema neno. Mwanaamina akaona, akasema moyoni: sema, dada, sema sasa. Lakini Seifu alikuwa amekwisha kudaka mazungumzo.

— Hata mkinilipa, mimi sitalala mle. Mmeviona vitanda vyake? Vya waya! Na simu inapita kwenye nini? Si waya? Ukilala pale, ndoto yako inateremka kwenye kitanda, inakwenda mpaka bomani Mbulu, karani anaandika.

— Kwa lugha gani? akauliza Tomaso.

— Kuna mkalimani.

Gidahosh akaweka kikombe chini.

— Wanasikia ndoto ya ng'ombe?

— Hiyo ndiyo wanayoitaka kwanza, mzee.

— Bomani, kwenye kodi, wanajua nina ng'ombe kumi na wawili.

— Na ndotoni?

Mzee akatazama nyuma yake, akatazama barabarani.

— Ndotoni huja wote, akasema kwa sauti ndogo.

Scolastica akamvuta mtoto karibu zaidi. Mwanaamina akasema:

— Shemeji Seifu, punguza maneno. Kuna wageni.

— Mgeni ndiye anayetakiwa kujua, Mama Shumbana!

Nikolausi hakukubali kushindwa na mshona suruali.

— Waya si kitu. Tazameni msingi. Kwa nini nyumba imeinuliwa hivyo? Nafasi ya magurudumu. Nilishaona kule Bama. Mnalala Katesh, usiku lori linakuja taratibu, linavuta nyumba yote. Mnaamka mko kwenye mashamba ya karanga ya serikali, mmeshikishwa jembe.

— Nyumba ya mawe? akauliza Tomaso.

— Ndiyo maana linavuta taratibu.

— Na watoto je? Ilikuwa sauti ya Scolastica, na ndiyo mara ya kwanza kusema mbele yao.

— Watoto wanamenya karanga, dada yangu, akasema Nikolausi kwa huruma kabisa.

Tone moja la mvua likaanguka kwenye majivu ya jiko. Likafuata jingine. Mzee Gidahosh alikuwa bado anafikiri, na alipomaliza kufikiri akainua fimbo yake.

— Ninyi hamjui. Nani amewahi kumwona Mzungu amelala?

Wakatazamana. Hakuna aliyewahi.

— Hawalali. Kwao baridi ilimaliza usingizi. Sasa wanachukua wa kwetu. Ukijifunika blanketi, usingizi wako unaingia kwenye manyoya, unabaki humo. Asubuhi blanketi linakunjwa. Tomaso, uliambiwa nini kuhusu mablanketi?

Tomaso akaushika ufunguo wake.

— Kwamba nyumba ikifungwa, yote yahesabiwe, yarudishwe.

— Mmesikia?

Hapo Scolastica akasimama. Akamfunga mtoto mgongoni, akaokota kifurushi chake, akamwambia Mwanaamina asante kwa kahawa. Mtoto alikuwa anakohoa. Mwanaamina akaona kwamba anaelekea njia ya Endasak, kwenye mvua, kwenye nyumba isiyo na paa, na kwamba wanaume hawa, ambao si wabaya hata mmoja, wamemfukuza kwa vichekesho. Akasahau ahadi yake.

— Dada, usiende! Kaka Tomaso, mtu unayemtafuta ndiye huyu. Amekaa hapa tangu asubuhi.

Seifu akavua kofia bila kujua kwa nini.

Scolastica hakukasirika. Aliwatazama mmoja mmoja, akauliza kama mtu anayeuliza njia:

— Nyumba hiyo, kati yenu nani amewahi kuingia ndani?

Nikolausi akatazama buti lake. Gidahosh akatazama mlima. Seifu akatazama kofia. Mwishowe wote wakamtazama Tomaso, mwenye ufunguo.

— Niliambiwa nifungue akija mtu, akasema Tomaso. Hajaja mtu. Mimi nalala barazani.

— Miezi mitatu? akauliza Mwanaamina. Na waya umeuona wapi, Gazeti?

— Dirishani, akasema Seifu. Nilipita haraka.

Wakavuka barabara wote, Mwanaamina mbele na birika lake. Kufuli lilikuwa limeota kutu, likafunguliwa kwa mafuta ya cherehani. Ndani kulikuwa na vitanda vinne, mablanketi manane yamekunjwa, na juu ya kitanda cha pili kuku mwekundu wa Mwanaamina, aliyepotea wiki tatu, ameingia kwa dirisha, amelalia mayai. Akawatazama kwa hasira.

— Wiki tatu amelala kwenye waya, akasema Tomaso, na hajafika kwenye karanga.

— Labda wamemwacha kwa sababu ni kuku, akasema Nikolausi, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Kisha, bila kuambiwa, akajilaza kwenye kitanda cha kwanza na buti zake, akafumba macho, akahesabu mpaka mia, ili Scolastica aone. Seifu akavuta kitanda cha tatu mbali na ukuta uliokuwa unavuja. Mzee Gidahosh alilishika blanketi kwa ncha ya fimbo, akalinusa, akalitazama pande zote mbili, halafu akamfunika mtoto kwa mkono wake mwenyewe.

— Akikosa usingizi, akasema, mnitume habari Getanuwas.

Scolastica akakaa kitandani. Waya ukalia kidogo chini yake. Akacheka.

Mvua ilikuwa imekolea, na hakuna aliyetaka kuondoka. Nikolausi akasema kahawa bado ipo, haifai kuiacha ipoe. Mwanaamina alijua birika ni tupu, maana alikuwa amelishika yeye, lakini akaliweka chini kama limejaa. Seifu na Tomaso wakakimbia wakaleta benchi, wakaliweka barazani mbele ya mlango, wakaendelea kubishana kwa sauti ndogo, kwa sababu mtoto alikuwa amelala.

Tarishi alikuja kesho yake, akakuta jina moja kitabuni, akarudi Mbulu bila blanketi hata moja. Scolastica alikaa mle wiki sita, mpaka mto ulipopungua na ndugu zake wakaja kumjengea. Benchi halikurudishwa mbele ya duka.